Kiyoyozi Katika Lori Kuukuu: Kipi Kiwe cha Mtumba na Kipi Kiwe Kipya



Ofisi ya miradi imekuwa ikipokea swali la namna moja kutoka sharika kadhaa na vituo vyetu: je, inawezekana kufunga kiyoyozi katika lori la zamani ambalo halikuja nacho, kwa kutumia vifaa vilivyotolewa katika magari mabovu, na bila gharama kubwa? Jibu ni kwamba inawezekana. Tumekwisha kufanya hivyo katika lori letu la miradi, Canter ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na linafanya kazi. Lakini tumeona pia vilivyofungwa kwingine vikafa ndani ya miezi michache, na mahali pamoja lori lenyewe nusura liue watu. Kwa hiyo tumeona ni vema tueleze jambo hili kwa kirefu, ili kamati inapoamua iamue ikijua.

Kwanza tuondoe mzizi wa maneno. Wapo wazee wa sharika wanaosema kiyoyozi ni anasa, na kwamba fedha ya sadaka haiwezi kutumika kumpuliza dereva ubaridi. Hoja hiyo si ya kubeza. Lakini aliyeitoa na apande kichwa cha lori la Kijapani mwezi wa Januari, kutoka Bigwa kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Katika malori haya injini iko chini ya kiti. Ukifungua vioo unapata vumbi la barabara, dereva na utingo wanafika wakiwa wekundu kama matofali. Ukifunga, kebini inakuwa tanuri. Dereva aliyechemka kwa saa tano hasinzii kwa uvivu, anasinzia kwa kuwa mwili umeishiwa maji na akili imechoka. Na njiani nyuma yake kuna mifuko ya saruji ya zahanati au mahindi ya chakula cha msaada, na mbele yake kuna watoto wanaotoka shule. Kwa maoni yangu vumbi peke yake ni sababu tosha kwa njia ya Kisaki. Kwa lori linalokwenda Mgeta tu na kurudi, sioni sababu hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kununua chochote

Joto la kebini ya lori kuukuu mara nyingi halitoki juani. Linatoka kwenye injini. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kompresa, mwite fundi aangalie mambo ambayo hayana gharama kubwa.

La kwanza ni hita. Malori haya yalitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye baridi kali na theluji, hivyo yana rejeta ndogo ndani ya dashibodi inayopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha kebini. Kuna koki inayofunga maji hayo. Koki hiyo ikikwama ikiwa wazi, na baada ya miaka thelathini hukwama, maji ya moto yanazunguka miguuni mwa dereva mchana kutwa bila mtu kujua. Katika lori letu ndivyo ilivyokuwa. Fundi aliunganisha upya paipu mbili ili maji yasipite ndani ya dashibodi, na dereva akasema siku hiyo hiyo kwamba tofauti ni kubwa.

La pili ni sakafu na kifuniko cha injini. Pale penye gia kuna mpira unaozuia hewa ya moto kupanda. Umechanika au haupo kabisa. Chini ya kapeti palikuwa na blanketi la kuzuia joto na kelele, limeoza. Raba za milango zimekauka. Rudisha vitu hivyo. Ukifunga kiyoyozi bila kuviziba, ni kama kumimina maji katika kapu.

Baada ya hapo liendeshe lori wiki mbili. Baadhi yenu mtaona haja ya kiyoyozi imekwisha, nanyi mtakuwa mmeokoa fedha za usharika.

Ubaridi unapatikanaje

Kila aliyepigwa sindano anaujua ubaridi wa spiriti ambayo muuguzi anapaka mkononi. Spiriti inapokauka inachukua joto la ngozi na kuondoka nalo. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyo hiyo. Kiyoyozi nacho kinakausha kitu, ila kinakirudisha na kukitumia tena bila kukimwaga.

Kitu hicho ni gesi maalumu. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaibana gesi hiyo mpaka inakuwa ya moto na yenye presha kubwa. Inakwenda kwenye kondensa, ambayo ina sura ya rejeta, na huko upepo unaipoza mpaka inageuka kuwa kimiminika. Kimiminika kinapita katika draya, kichupa chenye chembechembe zinazonyonya maji na kuzuia uchafu, kisha kinafika kwenye tundu dogo sana la valvu ya ekspansheni. Hapo presha inashuka ghafla, kimiminika kinaingia katika evaporeta iliyoko chini ya dashibodi na kugeuka tena kuwa gesi, na katika kugeuka huko kinachukua joto la hewa ya kebini. Feni ya ndani inapuliza hewa hiyo kwa dereva. Gesi inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya.

Hakuna ubaridi unaotengenezwa hapo. Joto linahamishwa kutoka ndani kwenda nje, na kazi ya kulihamisha inalipwa na injini, kiasi cha nguvu za farasi tatu hadi sita kutegemea ukubwa wa kompresa na mwendo. Malipo hayo ndiyo chanzo cha matatizo yote nitakayoyataja hapa chini, kwa maana kiyoyozi cha mtumba kinaazima kwa injini vitu vitatu: mkanda, upepo wa rejeta na umeme. Katika barabara tambarare mkopo huo haudhuru sana. Katika barabara za Uluguru unaweza kuwa mkopo wa breki.

Mkanda uwe wake peke yake

Hili naomba lisomwe mara mbili. Injini ya lori ina mkanda unaozungusha pampu ya maji na alteneta. Fundi mwenye haraka huchukua mkanda mrefu zaidi na kuupitisha pia kwenye kompresa. Kazi inakwisha mchana mmoja na bei inakuwa nafuu. Lakini kompresa ya mtumba hujui imetembea kiasi gani. Siku ikikwama, mkanda unakatika, na pampu ya maji inasimama hapo hapo. Injini inachemka.

Hata hivyo kuchemka si baya kuliko yote. Katika malori mengi madogo ya dizeli ya Kijapani, nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayotengeneza ombwe la kusaidia breki. Mkanda ukikatika, alteneta inasimama, na msaada wa breki unabaki ule uliohifadhiwa katika tangi tu. Ukikanyaga breki mara chache umekwisha, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Lori la kikundi kimoja cha wakulima lilipatwa na hali hiyo likishuka na mzigo wa kabichi na viazi kutoka upande wa Nyandira. Kilichowaokoa ni kwamba dereva alikuwa tayari katika gia ya pili na ukingo wa mlima ulikuwa upande wake. Waliokuwemo walitoka salama, tunamshukuru Mungu. Kichwa cha lori hakikutengenezeka tena.

Kwa hiyo kompresa iwe na mkanda wake na mfereji wake katika puli ya injini. Ikikwama, ukatike mkanda wake tu. Dereva atatokwa jasho na atafika.

Hapa ndipo vifaa vya mtumba vinapokuwa na faida ya kweli. Injini nyingi za Canter, Dyna na Elf zilitoka kiwandani katika namna mbili, zenye kiyoyozi na zisizo nacho. Tafuta lori bovu lenye injini ya namba ile ile ambalo lilikuwa na kiyoyozi, na uchukue puli yenye mifereji miwili, braketi ya kushikia kompresa na kirekebisha mkanda. Watu huanza kwa kutafuta kompresa, lakini kompresa zipo nyingi. Kitu cha thamani kuliko vyote katika lori hilo bovu ni braketi. Ya kuchomelea mtaani hukaa vibaya kidogo, puli hazilingani mstari, mkanda unalia na kuliwa, na mtetemo wa dizeli unapasua pale palipochomelewa. Braketi ya kiwandani inaingia katika matundu yaliyokwisha kutobolewa kwenye injini yako tangu siku ilipotengenezwa.

Basi dogo la Rosa lina injini za jamaa moja na Canter, na wengine hushauri kuchukua kila kitu kutoka humo. Tazameni vizuri. Mtambo wa basi umekusudiwa kupoza abiria zaidi ya ishirini. Kompresa yake ni mzigo usio na sababu kwa kichwa chenye viti vitatu.

Kondensa na mlima

Katika gari dogo kondensa hukaa mbele ya rejeta. Katika lori la zamani ukiiweka hapo, hewa inayofika kwenye rejeta inakuwa imekwisha kupata moto. Barabara ya Dodoma haitakusumbua, kwani kasi inaleta upepo wa kutosha. Lakini ukitoka Sangasanga, ukapita Mlali na kuanza kupanda kuelekea Mgeta, unakwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inavuma, na upepo ni ule wa feni peke yake. Rejeta yenye umri wa miaka thelathini, ambayo nusu ya njia zake zimeziba kwa kutu, haina akiba ya kutosha kwa mzigo huo. Gari litachemka.

Tuliamua kondensa iwekwe mbali na rejeta kabisa, ubavuni mwa chesisi nyuma ya kebini, ikiwa na feni yake ya umeme na wavu wa kukinga mawe. Wengine huiweka nyuma ya kebini juu, mbele ya bodi. Pale juu inakuwa safi zaidi, ila paipu zinakuwa ndefu na gesi inayohitajika inaongezeka. Kwa barabara zetu za matope nadhani juu ni bora, kama bodi inaacha nafasi. Yetu haikuacha.

Na dereva azime kiyoyozi anapoanza kupanda. Morogoro mjini tuko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Hewa inapoa kwa nyuzi kama sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo anapofika juu atakuwa anafunga vioo kwa sababu ya baridi. Hii ndiyo maana nilisema lori la Mgeta halihitaji mtambo huu.

Umeme wa volti ngapi?

Canter yetu inatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Magari madogo, ambayo ndiyo mengi katika maduka ya spea za mtumba, yanatumia volti 12. Klachi ya kompresa, feni ya ndani na feni ya kondensa kutoka gari dogo zikiunganishwa na volti 24 zitaungua, nyingine kwa dakika chache.

Njia ya mkato inayotumika mitaani ni kuchukua umeme kutoka betri moja kati ya zile mbili. Vifaa vitafanya kazi, lakini betri hiyo itakuwa inanyonywa kuliko mwenzake, alteneta haitaweza kuzichaji kwa usawa, na zote mbili zitakufa mapema, moja kwa njaa na nyingine kwa kushiba kupita kiasi. Ukijumlisha bei ya betri mbili za lori, unafuu wote uliopata katika spea umekwisha. Tafuteni vifaa vya volti 24 tangu mwanzo, au koili ya klachi ya volti 24 ya kubadilisha, au kipunguza umeme chenye uwezo wa kubeba feni zote mbili. Kila feni iwe na relei na fyuzi yake. Waya usipite karibu na bomba la moshi. Inaonekana ni jambo la kuchekesha kulisema, lakini tumeliona.

Jambo jingine linalosahauliwa ni mwendo wa injini. Injini ya petroli ya gari dogo huzunguka hadi mara 6,000 kwa dakika, dizeli ya lori huishia kwenye 3,000 na kitu. Kompresa yenye puli kubwa iliyofaa gari dogo itazunguka polepole mno katika lori, na ubaridi utakuwa hafifu, hasa gari likiwa limesimama. Puli ya kompresa iwe ndogo kidogo, na sailensa ipandishwe kidogo kiyoyozi kikiwashwa ili injini isizimike.

Cha mtumba na cha dukani

Kompresa inaweza kuwa ya mtumba. Ipime hivi: zungusha shimoni yake kwa mkono, izunguke laini bila kukwaruza; zungusha puli, isilie; kisha mimina mafuta yaliyomo kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa safi au ya rangi ya chai hafifu, sawa. Yakiwa meusi, au yakimetameta chembe za chuma, irudishe dukani, kwa sababu chembe hizo zitasambaa na kuziba valvu. Kompresa ya kwanza tuliyoletewa ilimeta kama mchanga wa mto. Muuzaji alipoonyeshwa karatasi aliibadilisha bila ubishi. Ikiwa matundu ya kompresa yamekaa wazi bila vifuniko, unyevu na vumbi vimekwisha kuingia. Afadhali uiache hata kama inazunguka vizuri. Pimeni mafuta yaliyotoka na mrudishe kiasi kinachostahili, yakiwa mapya na ya aina inayopatana na gesi. Mafuta ya madini yalikuwa ya gesi ya zamani ya R12. Gesi ya R134a inahitaji mafuta yanayoitwa PAG. Hayachanganywi.

Evaporeta pamoja na sanduku lake, feni ya ndani, vitufe vya dashibodi na kondensa vinaweza pia kuwa vya mtumba. Kondensa na evaporeta vijazwe naitrojeni kwa presha na kutumbukizwa katika beseni la maji. Mapovu yataonyesha palipotoboka. Nasisitiza naitrojeni. Fundi asitumie oksijeni ya mtungi wa kuchomelea hata kama ndiyo iliyoko karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta yaliyobaki ndani ya vifaa hivyo hulipuka, na watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi nyingi.

Draya isiwe ya mtumba kamwe. Chembechembe zake hunyonya unyevu wa hewa ndani ya saa chache tangu izibuliwe, na iliyokaa miezi rafuni bila vifuniko ni kichupa kilichojaa maji. Oringi za viungo ziwe mpya, za aina ya R134a. Hozi ziwe mpya, zile zenye utando wa ndani unaozuia gesi, zikibanwa kwa mashine na si kwa klipu za hozi za maji. Valvu ya ekspansheni ni ndogo na bei yake si kubwa, nunueni mpya. Na swichi ya presha, ambayo huzima kompresa gesi inapopungua au presha inapozidi, isirukwe kwa waya. Mafundi wengi huiruka kwa sababu inawachelewesha. Bila swichi hiyo kompresa itaendelea kuzunguka bila gesi wala mafuta mpaka ikwame.

Kuhusu mahali pa kununua, vingi vinapatikana Dar es Salaam, Ilala mtaa wa Shaurimoyo, na baadhi hapa mjini kwetu. Daini risiti yenye jina la duka na maelezo ya kifaa. Mweka hazina anaihitaji kwa ukaguzi, na zaidi ya hapo, spea nyingine zimetoka katika gari la mtu aliyeamka asubuhi akakuta halipo. Bei ikiwa nafuu kupita kiasi, msinunue.

Kukausha na kujaza

Vikiisha kufungwa, hewa na unyevu vyote vitolewe ndani ya mabomba kwa pampu ya ombwe, si chini ya dakika 45. Katika ombwe maji huchemka hata kwa joto la kawaida la mchana, na mvuke unavutwa nje. Unyevu ukibaki utaganda kwenye tundu la valvu na kuzuia gesi, na utatengeneza tindikali itakayokula vyuma kwa ndani. Fundi akisema atasafisha kwa kupuliza gesi kidogo tu, mwambie alete pampu.

Jambo moja dogo kwa mafundi wetu waliofunzwa pwani: geji ya ombwe ambayo Dar es Salaam inafika karibu inchi 30, hapa Morogoro itaishia kama 28, na Nyandira kama 25. Kipimo kinasoma tofauti na uzito wa hewa ya nje, nayo hupungua kadiri unavyopanda. Usimfukuze fundi kwa inchi hizo mbili. Muhimu ni kwamba ukifunga koki na kusubiri nusu saa, sindano isirudi nyuma.

Mtambo uliokusanywa kutoka magari matatu hauna kibandiko kinachosema gesi kiasi gani. Inajazwa polepole kwa geji mbili, injini ikiwa na mwendo wa kama 1,500, mtungi umesimama wima, kupitia upande wa presha ndogo. Koki ya upande wa presha kubwa isifunguliwe injini ikiwa inazunguka, kwa sababu presha itaingia ndani ya mtungi na kuupasua. Siku ya joto la nyuzi 30 upande mdogo ukae kati ya 25 na 40 kwa kipimo cha psi, na upande mkubwa kati ya 180 na 250. Injini ikiwa imezimwa pande zote zitasoma karibu 97, na hapo geji haikuambii kama gesi ni nyingi au kidogo. Nusu kilo na kilo moja zinaonyesha namba ile ile.

Akitokea wa kushauri mjaze gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi, kataeni. Inapoza kweli. Lakini evaporeta ikivuja mnakuwa na gesi ya kupikia ndani ya kebini iliyofungwa vioo.

Gesi na uumbaji

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1994 yalitumia R12, ambayo ikiachiwa inapanda na kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mataifa yalikubaliana kuiondoa katika Itifaki ya Montreal tarehe 16 Septemba 1987, nasi Tanzania tulijiunga mwaka 1993. Nchi zinazoendelea zilipaswa kuwa zimeacha kuitengeneza na kuitumia ifikapo mwaka 2010. Anayekuuzia mtungi wa R12 leo anakuuzia ama masalio au kitu kingine kilichobandikwa jina hilo.

R134a haidhuru ozoni, lakini inaongeza joto la dunia: kilo moja hufanya kazi ya takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Ndiyo sababu nayo imewekwa katika ratiba ya kupunguzwa, katika marekebisho ya itifaki hiyo yaliyofanyika kwa jirani zetu Kigali mwaka 2016. Lori letu lilichukua gramu 700. Fundi akifungua nati na kuiachia hewani, ni sawa na tani moja ya hewa ya ukaa, karibu sawa na kuchoma lita 370 za dizeli. Sisi tunaotumia fedha za wafadhili kupanda miti katika miteremko ya Uluguru, ambako mto Ruvu unaanzia na Dar es Salaam inapata maji, hatuwezi kuifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja na kuachia gesi kwa mkono mwingine. Fundi awe na mashine ya kunyonya gesi na kuirudisha katika mtungi. Kama hana, mtafuteni aliye nayo hata kama ni mbali. Hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza, kabla ya bei.

Mambo mawili ambayo kiyoyozi hiki hakifanyi

Hakipozi mzigo. Tumeulizwa kama mboga za Mgeta zitafika Dar es Salaam zikiwa bora zaidi. Hapana, kinapoza kebini tu. Kwa mboga, kupakia jioni, kusafiri usiku na kuacha hewa ipite kati ya matenga kunasaidia zaidi.

Na hakihifadhi chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa ziwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kebini yenye kiyoyozi kizuri ina nyuzi 24. Muuguzi anayeweka sanduku la chanjo mbele ya tundu la hewa akidhani barafu haina haja tena anahatarisha watoto, hata kama mkono wake unahisi baridi. Barafu iwekwe kama kawaida.

Kwa wanaoamua kuendelea, ofisi itatoa orodha ya vifaa kwa injini za Canter mkituandikia namba ya injini. Pateni makadirio kutoka kwa mafundi wawili, na kamati ione braketi na mkanda kwa macho kabla ya kulipa sehemu ya mwisho. Miezi ya Juni na Julai, ambapo hakuna anayekumbuka kiyoyozi, dereva akiwashe dakika kumi kila wiki ili mafuta yazunguke na sili ya shimoni isikauke, na aandike katika daftari la gari pale anapoandika kilomita.